Namna ya Kuikondesha Serikali Bila Kuikosesha Mlo

Kwanza tafuta msumeno. Si ule wa fundi seremala wa mtaani kwako. Tafuta wa injini, wa kupasulia magogo, unaonguruma mpaka kuku wanahama uwanja. Javier Milei aliuzungusha kwenye mikutano yake ya kampeni huko Argentina, na Desemba 10, 2023 akaapishwa kuwa rais. Elon Musk alikabidhiwa wake na Milei huyohuyo, jukwaani Maryland, nje kidogo ya Washington, Februari 20, 2025. Akauinua juu huku amevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Hakuna hata tawi lililokatwa siku ile, lakini picha zilizunguka dunia. Faida ya msumeno ni kelele: watu wanazisikia kabla hawajapata nafasi ya kuuliza umekata nini.

Ukishapata chombo, tafuta itikadi ya kwenda nacho. Inayokufaa inaitwa ulibertari. Marekani wana chama chake tangu mwaka 1971. Libertari anaamini mtu aachiwe mwili wake, mali yake na akili yake, na serikali ibaki na polisi, mahakama na jeshi basi. Wapo wakali zaidi ambao hata hivyo vitatu wanaviona ni anasa. Kwao kodi ni wizi, tofauti yake na wa kawaida ni kwamba huu unatolewa risiti ya EFD.

Usiwacheke haraka, maana wana hoja. Mwanauchumi Milton Friedman alisema kuna namna nne za kutumia fedha, na mimi nilizielewa zote Kariakoo. Ukienda na hela yako kujinunulia viatu, utazunguka maduka sita, utakunja soli, utanusa ngozi, utajifanya unaondoka mara mbili ili muuzaji apunguze elfu mbili. Ukienda kununua zawadi ya harusi ya mtoto wa mjomba, bei bado inakuuma, ila blenda ikiungua wiki ijayo si shida yako. Ofisi ikikulipia chakula cha mchana, ghafla unakumbuka kwamba tangu utotoni ulikuwa mpenzi wa kambakochi. Namna ya nne ni kutumia hela ya mtu usiyemjua kumnunulia mtu usiyemjua: bei hujali, wala hujali kama kiatu kinambana. Hiyo ya nne, kwa Friedman, ndiyo serikali. Aliyewahi kukalia dawati lililonunuliwa kwa zabuni hana haja ya kusoma kitabu chake.

Sasa tunafika kwenye kazi yenyewe, kuchagua cha kukata, na hapa ndipo wanagenzi wengi wanapoharibu. Mwanagenzi hufungua kitabu cha bajeti na kutafuta fungu kubwa. Kosa! Serikali ya Marekani ilitumia karibu dola trilioni 6.8 mwaka wa fedha 2024, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye pensheni za wazee, matibabu, jeshi na riba ya madeni. Riba peke yake ilizidi jeshi. Riba huwezi kuikata kwa msumeno, mdai atakuja na wa kwake. Jeshi lina rafiki katika kila jimbo. Wazee wanapiga kura, tena wanafika kituoni alfajiri. Ukitaka kuonja hali hiyo hapa nyumbani, mtajie mstaafu wa Kitanzania neno kikokotoo, ile hesabu ya pensheni, kisha sogea hatua tatu nyuma.

Tafuta kitu kidogo, cha mbali, ambacho walaji wake hawapigi kura kwenu. Misaada kwa nchi za nje ilikuwa karibu asilimia 1 ya bajeti ya Marekani. Basi shirika lao la misaada, USAID, likafungwa, na Julai 1, 2025 kilichobaki kikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Mlipa kodi wa Ohio hakuona tofauti kwenye mfuko wake. Tofauti ilionekana huku kwetu, kwenye vituo vya tiba ya VVU, ambako wahudumu waliokuwa wakilipwa na miradi hiyo waliambiwa wabaki nyumbani.

Kuhusu takwimu, ahidi kubwa na ukiri ndogo. Musk aliahidi kupunguza dola trilioni 2 kwenye matumizi ya serikali ya Marekani. Ikawa trilioni moja. Kufikia Aprili 2025 anazungumzia bilioni 150. Idara yake ya kubana matumizi, DOGE, iliyobeba jina la sarafu ya mtandaoni yenye picha ya mbwa, iliweka hadharani orodha ya mikataba iliyofutwa, na mmojawapo ulioandikwa dola bilioni 8 ukakutwa ni wa milioni 8. Mtunza fedha wa kikoba akikosea hivyo, wanachama wanalala mlangoni kwake. Mwisho wa Mei Musk akaaga. Julai 4 Rais Trump akatia saini sheria ambayo ofisi ya bajeti ya Bunge lao ilikadiria ingeongeza nakisi kwa dola trilioni 3.4 katika miaka kumi.

Milei, tumpe haki yake, alikata kweli. Wizara 18 zikawa 9. Mwaka 2024 ukaisha na ziada ya bajeti, kitu ambacho Waargentina walikuwa hawajakiona kwa zaidi ya miaka kumi, na mfumuko wa bei uliokuwa asilimia 211 mwaka 2023 ukashuka hadi 118. Umaskini ulipanda kwanza, ukapita nusu ya watu katikati ya mwaka huo, kisha ukashuka. Wastaafu wakawa wanaandamana mbele ya Bunge kila Jumatano. Lakini mwanafunzi wangu azingatie kilichofuata: Aprili 2025 akapata mkopo wa dola bilioni 20 kutoka IMF, na Oktoba mkataba wa kubadilishana sarafu wa bilioni 20 nyingine na Hazina ya Marekani. Soko huru lilipoyumba, mlango uliobishwa ulikuwa wa serikali. Hakuna aibu. Hata Ayn Rand, mwandishi aliyewapa walibertari wengi maziwa ya kwanza, alipokea malipo ya uzeeni ya serikali mpaka karibu na kifo chake mwaka 1982.

Sisi nasi tuna wataalamu wetu. Mwaka 2015, wiki chache baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, akatutoa nje na mafagio, na shilingi bilioni 4 zikapelekwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco. Safari za nje zikawa kwa kibali. Libertari angedhani amepata ndugu. Kumbe mzee haifungishi serikali, anaibadilishia mlo: kilichookolewa kwenye mapambo na juisi kikaenda kwenye ndege, reli ya kisasa na bwawa la megawati 2,115. Kenya ilichukua njia nyingine. Julai 5, 2024 Rais William Ruto alitangaza kuvunja mashirika 47 ya umma, kupunguza washauri wa serikali kwa nusu na kuondoa fungu la ofisi ya mke wa rais. Siku kumi kabla, vijana waliopinga Muswada wa Fedha walikuwa wamepigwa risasi nje ya Bunge. Ilibidi watu wafe ndipo igundulike kwamba kuna ofisi zisizo na kazi.

Tunasema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Walibertari wanataka kamba ifupishwe, na sijakutana na mtu anayewapinga, mradi iwe ya mbuzi wa jirani.

Naandika haya kwa uzoefu. Niliwahi kualikwa kwenye semina ya siku tatu ya kubana matumizi ya ofisi moja ya umma, nisiyoitaja. Ilifanyika hotelini Bagamoyo, ingawa ofisi yenyewe ina ukumbi. Tulipewa mkoba, fulana yenye maneno "Tubane Matumizi", posho ya kikao na ya kujikimu. Uwanjani nilihesabu mashangingi kumi na moja, injini zikiunguruma ili madereva wapate kiyoyozi. Siku ya pili mama mmoja wa uhasibu alinyoosha mkono na kuuliza kama tusingeweza kufanyia kazini. Mwenyekiti akamshukuru kwa mchango mzuri, tukaenda chai.

Azimio la mwisho lilikuwa kuunda kamati ndogo ya ufuatiliaji. Mimi ndiye katibu. Kikao cha kwanza ni Arusha.