Koti la Sufu, Gauni la Ugoro

Dar es Salaam ina baridi. Anayebisha hajawahi kufanya kazi ghorofa ya saba pale Posta, chumba kimoja na bosi anayeshikilia rimoti ya kiyoyozi kama mzee wa kanisa ashikavyo kapu la sadaka. Nje ni Januari, lami inataka kuyeyuka, wauza maji wamekimbilia kivulini. Ndani ni nyuzijoto 16, na sisi wanawake sita tumejitanda khanga na masweta, na mmoja wetu amekuja na blanketi la mtoto lenye picha ya dubu. Kwenye kikao cha Jumatatu tunafanana na wahanga wa mafuriko waliohifadhiwa shuleni.

Mwaka jana nikaona haya hayafai. Mtu mzima, miaka 44, nina kazi yangu, nina meno yangu yote, kwa nini nijitande kama mgonjwa? Nikaamua nami niwe na msimu wa baridi rasmi, kama wanawake wa kwenye simu.

Wanawake wa kwenye simu nawafuatilia sana. Kila Februari, New York, London, Milan na Paris huonyesha nguo za baridi itakayoingia miezi sita mbele, na kila Septemba huonyesha nguo za joto ambalo bado halijafika. Wanapita wasichana warefu wamenuna kana kwamba wamedhulumiwa chenji, wamevaa makoti. Ukiyatazama makoti yale umekaa Kimara, umeme umekatika, unajipepea na mfuniko wa ndoo, unashikwa na hamu isiyo na tiba. Shuleni walituimbisha majira yetu manne: kiangazi, masika, kipupwe, vuli. Vuli ya kwao majani yanapukutika na watu wanavaa skafu. Vuli ya kwetu mitaro inaziba.

Basi Jumamosi moja nikaamkia Karume, pale Ilala, saa wanayofungua mabelo. Lazima uwahi. Belo likikatwa kamba zake, nguo zinafura kama maandazi kwenye mafuta, na wanawake waliokuwa wakisalimiana vizuri dakika moja iliyopita wanageuka mabondia. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa ametoka kuniuliza hali ya mama yangu, alinipiga kiwiko cha ubavu nikaangukia juu ya rundo. Chini ya kifua changu palikuwa na koti. La sufu, refu hadi magotini, rangi ya damu ya mzee, vifungo vya dhahabu, mkanda wa kiunoni, na mabega yenye sponji ambayo mtu angeweza kuweka ndoo ya maji kila upande akatembea nayo.

"Hilo, dada, elfu ishirini na tano. Mali ya Italia."

"Elfu tano, kaka. Nani atalivaa hapa?"

"Si wewe umelikumbatia?"

Tukaelewana elfu kumi na mbili. Mfukoni nilikuta jani kavu la mti nisioujua na glovu moja ya mkono wa kulia. Usiku ule nilimfikiria sana mwenye glovu ya kushoto.

Nilipiga hesabu nikafurahi. Mabega ya namna ile yalivuma Ulaya miaka ya 1980. Mwenye koti akalivaa akalichoka, likatolewa sadaka, likachambuliwa, likashindiliwa kwenye belo, likavuka bahari. Na lilipofika Karume, mabega makubwa yakawa yamerudi tena kwenye maonyesho. Yaani nilikuwa nimechelewa mpaka nimewahi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iwe imekwisha ifikapo 2019. Marekani ikakunja uso, Rwanda ikakaza shingo, sisi wengine tukarudi Karume kimyakimya. Mimi nilirudi mbio.

Mama alilitazama koti lile kwa muda, akalipapasa mabega kama anayepima mbuzi.

"Mwanangu, hili unalipeleka wapi?"

Simlaumu. Mama alikuwa msichana wa mjini Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipopitisha azimio dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana, Operesheni Vijana ikatangazwa ianze tarehe 1 Januari 1969. Yeye alikuwa na kimini kimoja na wigi moja. Wigi alilificha kwenye debe la unga, na kila mara shangazi yake alipotaka kusonga ugali, mama alijitolea kusonga yeye, mpaka akasifiwa ukoo mzima kuwa binti mwenye bidii. Kile kimini alikiongezea pindo la kitambaa kingine kikafika chini ya magoti, na anaapa kwamba baada ya miezi miwili nusu ya mtaa ilikuwa imeongezea vya kwao hivyo hivyo. Picha ninayoipenda ni ya miaka michache baadaye, ya studio: amevaa bugaluu na viatu vya raizoni, mkono kiunoni, nyuma yake pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Ni mfupi, lakini pichani anakaribia kugusa dari.

Koti lilinipa miezi miwili ya raha ofisini. Hata bosi aliniuliza kama nimepandishwa cheo. Kisha ikaingia masika. Siku ile ilinyesha tangu adhuhuri, Jangwani pakajaa maji, mwendokasi ikaishia kituo cha Fire, na mimi, kwa akili zangu timamu, nikajifunika koti kichwani ili kuokoa nywele. Nywele za elfu themanini, nifanyeje? Sufu haimwagi maji. Sufu inayaweka akiba. Kufika Magomeni lilikuwa na uzito wa mtoto wa darasa la pili, na lilikuwa linatoa harufu. Ndani ya daladala abiria walianza kutazamana, na konda akauliza kwa upole nani amepanda na mbuzi. Tulikuzwa tukiambiwa tujihadhari na vitu vya mabeberu. Hakuna aliyetuambia kwamba vikilowa vinanuka hivyo hasa.

Lilikauka siku nne. Siku ya tano nikampa mlinzi wetu wa usiku pale nyumbani, kijana wa Singida, pamoja na jani na glovu. Alilivaa palepale, joto la Machi na yote.

Mtu mwingine angetulia hapo, mimi nikahamia kwenye rangi. Binti wa rafiki yangu alikuwa anaolewa, nami nilikuwa kwenye kamati ya kicheni pati. Kundi la kamati kwenye simu lilikuwa linagombania sare tangu Februari: damu ya mzee, kijani cha mgomba, pichi. Nikajitosa kwa kujiamini. Nikawaeleza kwamba kampuni ya Marekani iitwayo Pantone hutangaza rangi ya kila mwaka, na ya 2025 ni Mocha Mousse. Nikatuma picha. Kukawa kimya kama dakika kumi. Kisha shangazi wa bibi harusi akaandika: "Huu si ugoro?"

Nikajitetea kwa sauti ya dakika nne. Ugoro ukapita kwa kura mbili, zote za watu waliodhani moka ni aina ya dhahabu. Kwa kubana matumizi, ikaamuliwa gauni hilohilo tulivae tena Julai kwenye harusi yenyewe, Njombe, nyumbani kwa bwana harusi.

Fundi wangu yuko Manzese, na ana majira yake ambayo hayamo katika kitabu chochote cha jiografia: Idi mbili, Pasaka, Krismasi, Machi 8 na sare za akina mama, Januari na sare za shule. Katikati zinabaki siku kama kumi na moja hivi ambazo yuko huru, na siku hizo anakuwa amekwenda kwao Tanga. Nilimkuta cherehani imezungukwa na kanzu za Idi. Nikamwonyesha mshono niliouhifadhi: mrembo wa Lagos, bega moja wazi, kiuno cha nyigu, chini gauni limemwagika kama mchuzi.

Fundi akaitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha.

"Dada, huyu ni ndugu yako?"

"Fundi, wewe shona."

"Nashona. Nauliza tu."

Alinipima katikati ya Kwaresma, nilipokuwa nimeacha nyama, soda na chapati. Gauni akanikabidhi Mei, wiki tatu baada ya Pasaka. Katikati hapo kulikuwa na pilau za watu wengi wema. Alilileta saa tisa alasiri na shughuli ilikuwa saa kumi, ila shughuli ya saa kumi Dar huanza saa moja, kwa hiyo tulikuwa na muda wa kupigana na zipu. Zipu ilikubali kwa masharti: nisikae, nisicheke, na nikimeza mate nimeze kidogo kidogo.

Tulipoingia ukumbini, kule Sinza, nikaelewa kwamba nimekosea jambo kubwa zaidi. Mapazia ya ukumbi yalikuwa ya ugoro. Viti vilivalishwa ugoro. Sisi wanawake arobaini tukisimama ukutani tulipotea kabisa, na MC akauliza kwenye kipaza sauti kamati iko wapi, tukiwa mita tatu mbele yake.

Ukafika wakati wa kutunza. Muziki ukawaka, tukapanga mstari tukicheza na zawadi vichwani. Yangu ilikuwa seti ya masufuria saba. Nilikwenda vizuri, kwa madaha, mpaka mbele ya bibi harusi, na hapo ikanibidi niiname niyaweke chini. Mshono wa nyuma ukaachia kuanzia kiunoni kushuka, kwa mlio ambao DJ alidhani ni spika yake akaanza kuikagua.

Mwanamke wa shughuli hatoki bila khanga kwenye mkoba. Shangazi yule yule wa ugoro aliruka meza kwa wepesi usiolingana na umri wake, akanifunga kiunoni kabla sijanyanyuka. Sasa, khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na anayekufunga kwa dharura hachagui jina litakaa wapi. Hili lilikaa juu ya makalio, limenyooka kama kibao cha duka: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Mimi ndiye pekee katika kamati ambaye sijaolewa.

MC akalisoma kwa sauti. Ukumbi ukasimama. Vigelegele vilivyopigwa pale bibi harusi mwenyewe hakuvipata, na noti zikaanza kubandikwa mabegani kwangu. Nilipohesabu chooni zilikuwa elfu thelathini na saba. Mama, aliyekuwa meza ya wazee, alinipungia mkono kama mzazi kwenye mahafali.

Gauni fundi alilitibu kwa vipande viwili vya lesi ubavuni, akinikumbusha kwamba yeye aliuliza tu. Nikalipeleka Njombe, safari ya kilomita karibu 700. Kule Julai si mchezo, usiku nyuzijoto zinashuka chini ya 10, na asubuhi ya harusi ukungu ulikuwa umelala juu ya chai na misonobari kama mtu asiye na haraka. Tukashuka kwenye kosta mbele ya kanisa, wanawake arobaini kutoka Dar, bega moja wazi. Nilisikia meno ya kamati nzima yakigongana kwa pamoja.

Wenyeji wakaja kutupokea wamevaa makoti. Ya mtumba yote, na yalivyokuwa mazuri nilitamani kulia: ya kijani, ya buluu, yenye manyoya kolani, yenye mikanda, juu ya vitenge, juu ya sketi za heshima, chini yake buti. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akanishika mkono wangu uliokuwa umegeuka rangi ya samawati.

"Mwanangu, huko kwenu hakuna makoti?"

"Lipo, mama. Lipo kwa mlinzi."

Walitugawia mablanketi. Picha za harusi zipo na ni nzuri, bibi harusi anang'aa, na nyuma yake kuna mablanketi arobaini yenye miguu. Ugoro hauonekani hata mahali pamoja.

Nilirudi Kimara saa saba ya usiku kwa bodaboda kutoka stendi ya Mbezi. Getini, chini ya taa, alisimama mtu ambaye kwa sekunde kadhaa nilidhani ni mgeni wa kutoka ng'ambo: koti la damu ya mzee, kola imesimamishwa, mkanda umefungwa pembeni kwa fundo la kizembe ambalo mimi sikuwahi kuliweza, mabega mapana kama mlango, na mkono ulioshika rungu umevaa glovu.

"Karibu, dada. Pole na safari."

Nikamwambia amependeza. Nilimaanisha.

"Nashukuru. Dada, wenzangu wa zamu ya usiku pale benki wanaliulizia sana. Wanasema ukipita Karume uwatazamie, wako watatu. Lenye mkanda kama hili." Akasita, akainua mkono wa glovu. "Hizi wanataka mbili mbili. Na rangi wamesema ugoro, eti mwaka huu ndiyo yenyewe."