Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri,

Kamwene! Ndiyo salamu yetu sisi wa Kalenga, nami naitanguliza kwa heshima na taadhima. Natambua uzito wa majukumu yako, hivyo uniwie radhi kwa kukuchukulia muda.

Kwanza nishukuru. Chanjo ya surua na rubela watoto wetu wanaipata bure, dozi ya kwanza wakitimiza miezi 9, ya pili miezi 18. Kampeni ya Februari 2024 nayo iliwafuata waliokuwa wameachwa. Ahsante sana.

Ombi langu ni moja. Kichupa cha chanjo hii kina dozi za watoto kadhaa, na kikishachanganywa, kinachobaki baada ya saa 6 hakina budi kumwagwa. Sasa huku vijijini mama anatoka shamba la nyanya, mtoto mgongoni, anafika kituoni anakuta yuko peke yake. Nesi anamwambia kwa upole, “Rudi Jumatano, watoto watakuwa wengi.” Simlaumu nesi, Mheshimiwa, anaogopa kuulizwa dozi zimekwenda wapi. Jumatano ikifika, mama yuko palizini. Kadi za kliniki za watoto wa namna hiyo nimezishika: uzito umejazwa mwezi hadi mwezi, nafasi ya miezi 18 iko wazi, na mwenye kadi ameshaanza kutumwa dukani.

Surua hainyemelei, inavamia. Mwaka 2022 ilizuka Mpimbwe, mkoani Katavi, na watoto 13 wakapoteza maisha. Kuizuia kunahitaji watoto wapatao 95 katika kila 100 wawe wamekamilisha dozi mbili.

Kwa unyenyekevu mkubwa nakusihi utoe waraka unaosema bayana kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na nesi asihojiwe kwa kitakachomwagwa. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri hivyo. Dozi zinazomwagwa zina gharama, sikatai, ila mtoto aliyelazwa kwa nimonia ya surua ana gharama kubwa zaidi, na wengine hawarudi nyumbani.

Viongozi wengi hufika Kalenga kuona fuvu la Chifu Mkwawa, lililorejeshwa mwaka 1954. Siku utakapotujalia ugeni huo, tafadhali upite na kliniki, uwaombe kina mama kadi, uangalie nafasi ya miezi 18.

Wako mtiifu,
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Kalenga, Iringa