Ushauri kwa Wasomaji: Gari Limeegeshwa, Limegongwa

Msomaji wa Sinza, ambaye Toyota IST yake ilikwaruzwa ubavuni na bajaji ilipokuwa imeegeshwa nje ya ukumbi wa harusi, anaeleza kwamba dereva aliomba radhi kwa unyenyekevu, akatoa shilingi 20,000 na namba ya simu ambayo tangu hapo haipatikani. Anauliza aipige saa ngapi. Safu hii inaona kwamba namba yenye manufaa ni ile iliyofungwa nyuma ya bajaji, ambayo haizimwi wala haiishiwi chaji, kwa kuwa kwa namba hiyo mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) huonyesha iwapo chombo kina bima hai. Dereva mwenyewe aghalabu ni mtu wa hesabu, yaani anayempelekea mmiliki kiasi maalumu cha fedha kila siku, na mfuko wake si mahali pa kutafutia gharama za kunyoosha bodi na kupiga rangi. Hata hivyo, ikiwa zile 20,000 zilipokewa mbele ya watu kwa kauli ya "yameisha", upande wa pili utakuwa na hoja kwamba deni limelipwa lote, na msomaji atakuwa ameuza mlango mzima kwa noti mbili.

Msomaji wa Kigamboni ana shauri zito zaidi. Baba mkwe wake, akitoka kwenye kisomo cha arobaini, alirudisha nyuma pikapu yake, akavunja taa na bampa la gari la mkwewe, akashuka, akatazama, kisha akasema kwamba gari liliegeshwa vibaya. Msomaji, mwenye bima ndogo tu, anauliza kama inafaa kudai. Kwa sheria inafaa. Kwa adabu haifai kabisa. Na bima ilibuniwa, pamoja na mambo mengine, kwa ajili ya pengo hilo. Ieleweke kwamba bima ndogo humlipa mtu wa tatu, yaani yule aliyedhuriwa na chombo cha mwenye bima, wala haimlipi mwenye bima mwenyewe kama ifanyavyo bima kubwa. Kwa hiyo bima ya msomaji haitatoa hata senti, na inayotakiwa kulipa ni ile ya mkwe. Madai hayo huhitaji picha zilizopigwa kabla magari hayajasogezwa, zikionyesha matairi yalikuwa wapi, na taarifa ya trafiki inayomtaja mwenye kosa, ambayo kwa bahati mbaya haina kisanduku cha kueleza kwamba mwenye kosa ni mkwe. Hakuna kanuni ya bima inayokataza fomu ya madai kupelekwa na mshenga yuleyule aliyepeleka barua ya posa, na ndiye anayependekezwa hapa. Ndugu wanaomhimiza msomaji akachukue PF3 wapuuzwe, kwa kuwa fomu hiyo ni ya matibabu ya mtu aliyejeruhiwa, si ya bampa.

Msomaji wa Mbezi aligongewa mlango mmoja na anataka gari zima lipigwe rangi, akidai kwamba mlango mpya utaiaibisha milango mingine. Kanuni ya fidia humrudisha mdai katika hali aliyokuwa nayo kabla ya hasara, bila kumpa faida. Kuoanisha rangi na mlango wa jirani kunaweza kutetewa, lakini paa halikuguswa na mtu. Kosa lake kubwa ni kwamba alikwenda gereji bubu, akajaziwa puti, kabla mtathmini, yaani mtaalamu anayekadiria hasara, hajaliona bonde lenyewe, hivyo ushahidi sasa uko chini ya puti. Angesubiri na kisha kampuni ikakataa kumlipa, angeweza kumwendea Msuluhishi wa Bima, ambaye ofisi yake iliwekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kwa hali ilivyo, atakwenda huko na risiti ya gereji isiyotoa risiti.

Msomaji wa Pangani, ambaye kioo cha gari lake kilipasuliwa na nazi ya jirani, anajibiwa kwa ufupi kwamba bima ndogo hulipa madhara ya vyombo vya moto, na mnazi si chombo cha moto. Madai yake ayapeleke kwa jirani, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na gari aliegeshe kwingine.