Mwongozo wa Kumwita Sista, kwa Mgeni wa Mpitimbi

Ukishuka kwenye bodaboda Mpitimbi ukakutana na mwanamke aliyevaa shela nyeupe na msalaba kifuani, usikimbilie "mambo vipi". Sema "Tumsifu Yesu Kristo." Atakuitikia "Milele, Amina," na hapo mlango umefunguka: uliza habari za mahindi, za mbolea iliyochelewa, za watoto wa chekechea. Salamu hiyo ina faida ambayo wageni wengi hawaioni. Mzee mwenye mvi na sista wa miaka ishirini na mitano wanaweza kusalimiana bila kupigiana hesabu ya nani amwamkie nani shikamoo. Kama wewe si Mkristo, usijilazimishe. Ukisema "Habari za kazi, Sista" kwa sauti ya adabu, utapokewa vizuri tu.

Sasa neno lenyewe. Sista ni dada, lakini si kila sista ni sista. Konda anayepiga kelele "sista, sogea nyuma" hamaanishi nadhiri. Muuguzi wa zahanati naye huitwa sista hata akiwa na mume na watoto wanne, na hilo si kosa: katika hospitali nyingi za misheni watawa ndio waliokesha na wagonjwa, na cheo kikabaki wodini hata wauguzi wengine walipoingia. Kwa hiyo ukitaka kumheshimu mtawa, weka jina lake mbele ya ombi lako. "Sista" peke yake ni sare. Sista pamoja na jina ni mtu. Hulijui jina? Muulize, hatachukia.

Kwanza ujue cheo hiki kilifikaje huku Ungoni, nchi ya Wangoni, maana hakikuja kwa amani. Wabenediktini wa St. Ottilien kutoka Bavaria walifika pwani mwaka 1888, wakiwa na masista waliowaita Schwester kwa Kijerumani. Januari 1889 misheni yao ya Pugu ilishambuliwa, na Sista Martha Wansing akauawa. Peramiho ilianzishwa 1898. Tarehe 14 Agosti 1905, vita vya Majimaji vilipokuwa vimewaka, Sista Felicitas Hiltner na Sista Cordula Ebert waliuawa pamoja na Askofu Cassian Spiss wakiwa safarini kuelekea Peramiho. Miezi michache baadaye, Februari 1906, watawala wa Kijerumani waliwanyonga mjini Songea viongozi wa Wangoni walioshiriki vita hivyo, na makumbusho ya Majimaji yapo pale hadi leo. Babu wa Mpitimbi anayeinuka kumpisha sista kitini anajua hadithi zote mbili. Usimfundishe adabu. Jifunze kwake.

Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Schwester akapisha njia na Sista akashika. Maneno yote mawili maana yake ni dada.

Ila mizizi ya heshima hii ni mirefu kuliko Ujerumani na Uingereza, na hapa nakuomba utulie. Mtakatifu Benedikto aliandika Kanuni yake nchini Italia katika karne ya 6. Sura ya 63 inaeleza jinsi watu wa monasteri watakavyoitana: wakubwa wawaite wadogo ndugu, wadogo wawaite wakubwa nonnus, jina la kumheshimu mtu kama mzazi. Mwanamke akawa nonna, neno ambalo watoto walilitumia kwa bibi au mlezi, na Waitaliano mpaka leo humwita bibi yao nonna. Waingereza na Wajerumani walichota humo humo jina la mtawa wa kike. Kwa hiyo ukimwita sista mzee wa Mpitimbi "bibi", kama watoto wengi wanavyofanya, hujakosea hata kidogo. Umerudi kwenye neno la zamani zaidi ya sista.

Anayeongoza shirika ni Mama Mkuu. Anayeongoza abasia ya wanawake ni Abesi, na cheo hicho kina kisa chake. Kimetoka katika abba ya Kiaramu, yaani baba, kikapita katika Kilatini kikapewa umbo la kike. Abesi basi ni baba wa kike. Mgeni wa mjini atashangaa, Mngoni hana sababu. Kizulu, lugha ya kusini walikotoka mababu wa Wangoni, humwita shangazi ubabekazi, neno lililojengwa juu ya baba. Dada wa baba ana mamlaka ya baba, na anayebisha na amuulize shangazi yake.

Kuna pia mtawa, neno la pwani kabla halijawa la misheni. Kutawa ni kukaa ndani, kujitenga. Lakini usitegemee kuwakuta masista wa huku wamejifungia. Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, shirika la wanawake Waafrika lililoanzishwa 1938 katika Songea hiyo hiyo, wana nadhiri zao za utii, uthabiti na uongofu wa maisha, na wana pia mtambo wa umeme wa maji wa Tulila katika Mto Ruvuma. Ulianza kazi 2015 kwa megawati 5, wakati Songea ikitegemea jenereta za dizeli, na umeme wake huuzwa TANESCO. Ukiwasha taa mjini Songea miaka ile, ulikuwa unawashiwa na masista. Tafadhali usiwaite "wale wanaosali tu".

Kuna swali moja usiloruhusiwa kuuliza hata kwa utani wa ugenini: "Sista, mrembo hivi, mbona hukuolewa?" Amechagua, mbele ya kanisa zima, baada ya miaka ya malezi ya unovisi na nadhiri za muda. Swali hilo linamvua cheo alichokihangaikia na kumvika kile unachokitaka wewe.

Ukimwandikia barua, juu ya bahasha weka Sr., kisha jina lake, kisha OSB kama ni Mbenediktini. Herufi hizo ni Ordo Sancti Benedicti, Shirika la Mtakatifu Benedikto. Usiandike Bi. wala Miss. Na kama amesomea udaktari, andika Sr. Dkt., vyote viwili, kwa sababu vyote viwili amevifanyia kazi.