Sifa za Spea Tairi la Mtumba

Malenga wetu wamekwishasifu mnazi, jahazi, mke mwema na viongozi wa kila awamu. Spea tairi la mtumba bado linangoja zamu yake, limelala chali ndani ya buti, juu yake gunia la mkaa la Chalinze na ndoo ya nyanya. Halilalamiki, halidai petroli, wala haliombi kusalimiwa. Leo nalitoa nje nilisifu hadharani, na mwenye wivu anunue jipya.

Sifa yake ya kwanza ni elimu. Wapo watu waliomaliza shule wakiapa kwamba hesabu ya duara haitawafaa maishani. Wapeleke Gerezani, Kariakoo, saa nane mchana, wakatafute rimu. Muuzaji atageuza moja, ataipiga teke kidogo, atasema: "Hii inaingia, bosi. Mashimo matano, gari lako nati tano, unataka nini tena?" Hoja nzito hiyo. Ila matano ya Premio ya mwanzo yamepangwa kwenye duara la milimita 100, na matano ya RAV4 kwenye duara la milimita 114.3. Jicho la mtu aliyechoka na jua halioni tofauti hiyo, na rula nayo inababaika, kwa sababu kwenye mashimo matano hakuna tundu linalotazamana na jingine. Wenye IST za mwanzo na Vitz wamepona. Yao ni manne, unapima moja kwa moja kuvuka katikati. Sisi wa matano tunapima kutoka kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha jirani yake: ukipata karibu milimita 58.8, hiyo ni 100, ukipata 67.2, hiyo ni 114.3. Mwalimu gani wa jiometri aliwahi kukufuata mpaka gerejini?

Sifa ya pili ni ukarimu, na hapa ndipo spea tairi linapowazidi binadamu. Linakubali karibu kila mahali, hata pasipolifaa. Chukua rimu ya X-Trail uipeleke kwenye RAV4. Mashimo yanalingana, inaingia bila ubishi. Tundu lake la katikati lina milimita 66.1, na kitovu cha RAV4 kina 60.1, kwa hiyo inaning'inia kwenye nati peke yake, imetulia kama mtu aliyekaa kiti cha mwenzake daladalani akijua mwenyewe anashuka mbele. Rimu ya Premio ndiyo yenye kiburi: ukiipeleka kwenye Subaru Forester ya zamani, mashimo yote matano yanasema ndiyo, kisha tundu la katikati linakataa kwa milimita mbili tu. Niseme ukweli, namheshimu zaidi huyu anayekataa.

Nati nazo zina siasa zao. Toyota na Nissan hutumia sana bolti za milimita 12, lakini meno ya Toyota yana hatua ya 1.5 na ya Nissan 1.25. Nati ya kwenu kwenye bolti ya wenzenu itazunguka vizuri raundi ya kwanza, kisha itagoma, na hapo atatokea kijana mwenye misuli wa kuimaliza. Rimu ya Honda inataka nati yenye kikalio cha mviringo; ukiifunga kwa nati ya koni, inashikwa kwa ukingo mwembamba tu, halafu inaanza kulegea ukiwa safarini.

Kuhusu umri, sijaona anayejua kuuficha kama spea tairi. Limepakwa dawa linang'aa, nywele zake za kiwandani bado zimesimama, kwa sababu miaka yote limelala kwenye buti huko Japani bila kukanyaga lami. Muuzaji anaita hilo "jipya kabisa". Ligeuze pande zote mbili, maana tarehe mara nyingi imeandikwa upande mmoja tu. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT: 1411 maana yake lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2011. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala, na nyufa ndogo ubavuni ndizo ushahidi.

Wala nisimsahau mdogo wake, yule mwembamba mwenye herufi T mbele ya saizi. Wajapani walimtengeneza awe mgeni wa dharura: mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, upepo wa 60. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunampa jembe siku ya kwanza, kwa upepo wa 30, na mwaka unapita bado yumo.

Trafiki akikusimamisha atauliza kama spea tairi lipo. Kama linaingia, hilo unalijua wewe na Mola wako, na mtakuja kuliongea vizuri zaidi usiku ndani ya Mikumi, kwenye zile kilomita kama 50 barabara inapokata hifadhi na simba hawana ratiba.

Basi ndugu msomaji, ukienda kulinunua, nenda na gari lenyewe na nati zako. Mwombe fundi apige jeki gurudumu la mbele, maana kalipa za mbele ndizo kubwa. Afunge nati zote kwa mkono kwanza, azungushe tairi taratibu, asikilize kama linagusa popote. Lilinganishe kimo na yale mengine, hasa kama gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne muda wote. Ulipe baada ya hapo. Muuzaji akisema hana jeki, mwachie rimu yake.