Namna ya Kupiga Kila Muziki kwa Vidole vya Klasiki, Ukiwa Ngaramtoni

Kwanza fuga kucha za mkono wa kulia. Dada wa saluni pale sokoni atakuuzia tupa bila maswali. Maswali yatatoka kwa vijana wa bodaboda. Kisha tafuta kigoda cha kuinulia mguu wa kushoto, kaa wima kama bwana harusi, na utangaze mtaani kwamba aliyesoma gitaa la klasiki hashindwi na muziki wowote: rumba, benga, mapambio, hata mchiriku. Baridi ya Mlima Meru ikikugandisha vidole asubuhi, usiseme umeacha mazoezi. Sema unatafakari.

Ukialikwa kwenye kwaya ya usharika, omba nota. Zikikosekana, shangaa kwa sauti. Pambio huanzishwa na mama yeyote, kwa ufunguo wowote, na ukija kuupata ufunguo huo ameshapandisha mwingine. Gitaa lako la nyuzi za nailoni, zile alizozipigia debe mpiga klasiki Segovia miaka ya 1940, halitasikika mbele ya kibodi. Laumu kibodi.

Kwenye bendi ya dansi, kumbuka klasiki imekufundisha kushika besi, maitikio na sauti ya juu peke yako. Fanya yote. Kwamba yupo wa solo, yupo wa rithm, yupo wa besi, na kila mmoja ana kipande chake kifupi anachokirudia mpaka watu wainuke vitini, hayo hayakuhusu. Wakikukodolea macho, wamekukubali.

Mzee yeyote akimtaja Jean Bosco Mwenda wa Katanga, badilisha mazungumzo upesi. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga "Masanga" kwa gitaa kavu, kwa gumba na kidole cha shahada tu. Gumba linatembea na besi, shahada inaimba juu yake, na midundo miwili inapishana bila kugongana. Wasomi kama David Rycroft waliandika nota zake baadaye, si kabla. Wewe una vidole vinne, vyote vimesoma.

Kejeli kando: gumba linalojitegemea ndilo jambo ambalo klasiki inalifundisha vizuri kuliko shule nyingine yoyote ya gitaa, na linavuka kutoka kwa Tárrega wa klasiki hadi kwa Bosco bila pasipoti. Mdundo hauvuki hivyo. Huo hukaa masikioni, nao haumo kwenye vitabu vya mazoezi. Kwa hiyo Jumapili kaa jirani na mpiga ngoma, piga besi tupu kwa gumba, na nyuzi nyembamba usiziguse mpaka mwimbishaji akugeukie.