Mfungwa Asiyezaliwa

Katika ngome ya If, kisiwani mbele ya bandari ya Marseille, watalii hulipa kiingilio na kuoneshwa chumba alichofungwa Edmond Dantès. Hata tundu la ukutani lipo. Anayekosekana ni Dantès mwenyewe, kwani alizaliwa kwenye wino wa Alexandre Dumas, katika riwaya iliyotoka gazetini kwa vipande kati ya 1844 na 1846.

Jirani yake wa gerezani, Padri Faria, yeye alizaliwa kweli. José Custódio de Faria alitoka Goa, akawa gumzo la Paris kwa kuwalaza watu usingizi kwa amri tu, akafia humo humo mwaka 1819. Dumas akamwazima bila kumwomba, akamfanya Mwitaliano, akamvika wazimu, kisha akamuulia gerezani. Marehemu hana wakili.

Napoleon naye, akiwa Elba, kaitwa riwayani azungumze kidogo na Dantès, baharia wa kubuni, ili uongo upate mhuri.

Mwaka 1847 Dumas alizindua jumba lake halisi, Monte-Cristo, jina lililotoka kwenye riwaya hiyo, kwa fedha alizochumiwa na Dantès. Wadai waliofuata hawakuwa wa kubuni.